Neno la Mkataba: Sheria ya Biashara kutoka Kituo cha Kedowa hadi Darasa la Chuo Kikuu

Utangulizi

Kedowa ni kituo kidogo cha reli kilichoko kati ya Londiani na Kipkelion, katika nyanda za juu za magharibi ya Kenya. Ni mahali penye baridi na misitu, na kadiri msafiri ateremkavyo kuelekea Kericho ndivyo mashamba ya chai yazidivyo kutanda. Kwa mtazamo wa kwanza, mahali kama hapo hapana uhusiano wowote na somo la sheria ya biashara lifundishwalo katika vyuo vikuu vya Nairobi na Dar es Salaam. Hata hivyo, ni sura chache mno za somo hilo zisizogusa maisha ya nchi hiyo. Sheria ya uchukuzi wa mizigo ilifika kwa reli. Sheria ya mkataba wa kazi ilifika na walowezi. Sheria ya makampuni ilifika na ununuzi wa mashamba wakati wa uhuru. Na sheria ya mauzo ya bidhaa hutumika kila mara majani mabichi ya chai yanapotundikwa kwenye mizani.

Makala haya yanakusudia kufuatilia historia ya sheria ya biashara na ya ufundishaji wake katika Afrika ya Mashariki, kwa kuitazama kutoka katika nchi hiyo ya chai. Shabaha yake si kueleza sheria kwa wanasheria, bali kuonyesha jambo linalowahusu wataalamu wa lugha: kwamba wanafunzi walioelimishwa kwa Kiingereza hurudi kuwatumikia watu wanaofanya biashara kwa Kiswahili na kwa Kikipsigis, na kwamba katika safari hiyo ya kwenda na kurudi baadhi ya maneno hupotea, na pamoja nayo hupotea haki. Hoja itakayotetewa ni kwamba upungufu uliopo si wa maneno. Kiswahili kilikuwa na msamiati wa biashara na madeni karne nyingi kabla ya chuo kikuu chochote kufunguliwa. Upungufu uliopo ni wa mahali pa kuyafundishia maneno hayo na kuyapa maana thabiti.

Makubaliano kabla ya karatasi

Kabla ya reli kufika, Wakipsigis walikuwa na desturi iitwayo kimanagan. Mtu mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika boma moja. Aliwagawa kwa jamaa na marafiki waliokaa mbali, wawachunge kwa niaba yake. Mchungaji alipata maziwa, lakini ng'ombe wenyewe waliendelea kuwa mali ya mwenyewe. Faida ya desturi hiyo ni dhahiri. Maradhi yakiingia katika boma moja, au wavamizi wakilishambulia, mali yote haikuangamia kwa siku moja. Aidha, mtu asiye na mifugo alipata chakula cha watoto wake, na urafiki kati ya nyumba mbili ukaimarika.

Mwanafunzi wa sheria angeweza kuitambua desturi hii mara moja. Hapa kuna mali iliyokabidhiwa mtu asiye mwenyewe, kuna wajibu wa kuitunza, kuna malipo ya utunzaji, na kuna swali la nani abebe hasara ng'ombe akifa. Ni sura kamili ya sheria ya amana. Kilichokosekana ni karatasi tu, na mahali pa karatasi palichukuliwa na mashahidi. Ugomvi ulipozuka, wazee wa kokwet, yaani baraza la ujirani, waliwaita walioyashuhudia makubaliano na kuwasikiliza mpaka jambo likapata ufumbuzi.

Huko pwani hali ilikuwa tofauti, kwani biashara ilikwisha kuzoeana na maandishi. Sheria ya Kiislamu ilikuwa na taratibu za mauzo, ubia, uwakala na rehani, na wanazuoni wa madhehebu ya Shafi na ya Ibadhi walizifundisha. Mapatano yalikamilika kwa ijabu na kabuli, yaani tamko la anayetoa na tamko la anayepokea. Wafanyabiashara wa Kihindi nao walileta hundi, hati iliyomwezesha mtu kulipwa fedha katika mji mmoja kwa amana iliyowekwa katika mji mwingine. Misafara ya bara iligharimiwa kwa mali kauli, yaani bidhaa zitolewazo kwa ahadi ya kinywa ili zilipwe baada ya safari. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aligharimiwa safari zake na Taria Topan wa Unguja, na habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili zimejaa mikopo, bidhaa na hesabu za wadai. Vivyo hivyo kitabu cha Mtoro bin Mwinyi Bakari juu ya desturi za Waswahili, kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903, kinazitaja desturi za sheria katika jina lake lenyewe.

Kutokana na historia hiyo Kiswahili kilirithi maneno ambayo hadi leo ndiyo uti wa mgongo wa lugha ya biashara: deni, mdai, mdaiwa, dhamana, mdhamini, rehani, amana, hawala, hundi, arbuni, ubia, hisa, wakala, dalali, fidia, riba na muflis. Haya hayakubuniwa na kamati yoyote. Yalizaliwa sokoni na bandarini, yakatumika mbele ya kadhi, na maana zake zilipimwa kwa kesi za kweli na hasara za kweli.

Sheria iliyokuja na reli

Reli kutoka Mombasa ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901. Katika njia hiyo haikusafiri mizigo tu, bali pia sheria. Agizo la Kifalme la mwaka 1897 lilikwisha kuziingiza katika Himaya ya Afrika ya Mashariki sheria kadha wa kadha za India, na miongoni mwake ilikuwa Sheria ya Mkataba ya India ya mwaka 1872. Basi makubaliano ya kibiashara yaliyofanyika Londiani au Kericho, yakifika mbele ya mahakama ya serikali, yaliamuliwa kwa vifungu vilivyotungwa kwa ajili ya Calcutta na Bombay, navyo vilikuwa muhtasari wa sheria ya Uingereza. Sheria ya mauzo ya bidhaa iliyotungwa Kenya na Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilifuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na sheria ya hati za fedha ilifuata ile ya mwaka 1882.

Lakini kwa wakazi wengi wa nyanda za juu, mkataba wa kwanza wa maandishi haukuwa wa kuuza wala wa kununua. Ulikuwa wa kazi. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1906 ilifanya kuvunja mkataba wa kazi kuwa kosa la jinai kwa mtumishi. Sheria ya mwaka 1918 juu ya vibarua wakaao mashambani ilimtaka Mwafrika anayeishi katika shamba la mlowezi amfanyie kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Tangu kuanza kwa miaka ya 1920 mwanamume wa Kiafrika alitakiwa kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake na habari za mwajiri wake. Katika miaka hiyohiyo makampuni makubwa ya chai, Brooke Bond na African Highlands, yalianza mashamba yao katika nchi ya Kericho, na maelfu ya vibarua waliletwa kutoka sehemu nyingine.

Hapa pana jambo ambalo mwanaisimu hapaswi kulipita. Kosa la kuacha kazi kabla ya muda kwisha lilijulikana katika Kiswahili kuwa ni kutoroka. Neno hilo huko pwani lilikuwa limetumika kwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, naye aliitwa mtoro. Sheria ilisema kwamba mtumishi ni mtu huru aliyefunga mkataba kwa hiari, ilhali neno lililotumika kumshtaki lilimweka katika hali ya mtumwa. Ni vigumu kusema kwamba neno lilikosea. Mkataba ambao upande mmoja ukiuvunja hulipa fidia, na upande wa pili ukiuvunja hutiwa gerezani, si mkataba kwa maana ifundishwayo darasani. Kwa hiyo neno mkataba liliingia katika nyanda za juu likiwa na harufu ya amri, na bado halijatakasika kabisa.

Kuanzishwa kwa mafunzo ya sheria

Serikali za kikoloni hazikuwa na haraka ya kuwaelimisha wanasheria wa Kiafrika. Chuo cha Makerere kilifundisha utabibu, ualimu na kilimo kwa miaka mingi bila ya kuwa na idara ya sheria. Aliyetaka uwakili hakuwa na njia ila kwenda ng'ambo, hasa katika vyama vya mawakili vya London, na gharama zake zilikuwa kubwa. Argwings-Kodhek, ambaye alikuwa wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa Kenya kufanya kazi ya uwakili, alipitia njia hiyo. Matokeo yake ni kwamba wakati wa uhuru wanasheria wa Kiafrika katika Tanganyika walihesabika kwa vidole, na ofisi zilizoandika mikataba ya biashara zilikuwa takriban zote mikononi mwa Wazungu na Wahindi.

Mapema mwaka 1961 kamati iliyoongozwa na Lord Denning ilichapisha taarifa juu ya elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika, ikaeleza kwamba mafunzo ya London hayakuwaandaa vya kutosha kwa mahitaji ya nchi zao. Oktoba mwaka huohuo Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, na kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria. Wanafunzi hawakufika 20. A. B. Weston alikuwa mkuu wa kwanza wa kitivo, na miongoni mwa waalimu wa miaka ya mwanzo walikuwamo William Twining na baadaye Yash Ghai, mzaliwa wa Kenya. Kwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, kilichoundwa mwaka 1963, kiligawanya masomo baina ya matawi yake matatu, kijana wa Kenya au wa Uganda aliyetaka shahada ya sheria hapo nyumbani alikwenda Dar es Salaam. Makerere ilianza kufundisha sheria mwaka 1968, na Nairobi mwaka 1970, mwaka uleule chuo kikuu cha pamoja kilipovunjwa. Shule ya Sheria ya Kenya, ambayo ilianza mwaka 1963, iliwaandaa mawakili kwa njia ya mafunzo ya kazini.

Sheria ya mkataba ilikuwa na bado ni msingi wa mwaka wa kwanza. Hufuatwa na mauzo ya bidhaa, uwakala, hati za fedha, ubia, makampuni, bima na ufilisi. Kwa wanafunzi wa kwanza wa Dar es Salaam somo hilo lilikuwa na ugumu wa pekee, kwani sheria za nchi zao zilikuwa zikiachana njia wakati huohuo. Kenya iliitupa Sheria ya Mkataba ya India na kuifuata sheria ya mkataba ya Uingereza kuanzia tarehe 1 Januari 1961. Tanganyika ilitunga sheria yake ya mkataba mwaka 1961, nayo ilibakiza mpangilio wa ile ya India. Hivyo wanafunzi wawili waliokaa katika benchi moja, mmoja wa Kericho na mwenziwe wa Iringa, walirudi makwao kutumia sheria mbili zilizo ndugu lakini zisizofanana.

Mifano waliyosomeshwa ilitoka Uingereza. Walijifunza habari za kampuni iliyotangaza kwamba ingemlipa paundi 100 yeyote aliyetumia dawa yake ya moshi na bado akaugua mafua, na jinsi mahakama ilivyoamua mwaka 1892 kwamba tangazo hilo lilikuwa ahadi ya kweli kwa Bi Carlill. Walijifunza pia kesi ya Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu wa London, ambayo mwaka 1897 ilithibitisha kwamba kampuni ni mtu mbali na watu walioiunda. Mifano hii ni mizuri, na hakuna sababu ya kuitupa. Lakini kimanagan haikuwa na nafasi katika sura ya amana, wala mali kauli katika sura ya mikopo. Desturi za Kiafrika ziliwekwa katika somo jingine, pamoja na ndoa na mirathi, kana kwamba Mwafrika aliwahi kuoa na kufa tu, bila ya kufanya biashara.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilileta mabadiliko makubwa Dar es Salaam. Mabenki yalitaifishwa, Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa, na mashirika ya umma yakachukua sehemu kubwa ya biashara. Waalimu na wanafunzi walianza kuuliza sheria ya makampuni inamtumikia nani. Kwa bahati mbaya swali la pili, yaani inamtumikia kwa lugha gani, liliulizwa kwa sauti ya chini zaidi.

Juhudi za istilahi

Si kweli kwamba swali hilo halikuulizwa kabisa. Mahakama za mwanzo za Tanzania, zilizoundwa kwa sheria ya mwaka 1963, zilitumia Kiswahili. Mwaka 1967 serikali iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria ya Bunge. Mwaka 1968 kitivo cha sheria cha Dar es Salaam kilitoa orodha ya istilahi za sheria iliyotayarishwa na Weston pamoja na Sheikh Mohamed Ali. Ushirikiano huo una maana yake. Mwanasheria aliyelelewa katika sheria ya Uingereza alihitaji kuketi na mtaalamu wa lugha, kwani hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza kuikamilisha kazi hiyo peke yake.

Ugumu wa kazi yenyewe waweza kuonyeshwa kwa mifano mitatu.

Kwanza ni neno mkataba. Asili yake ni Kiarabu, katika shina lilelile lililotupa kitabu, katibu na katiba, na maana ya shina hilo ni kuandika. Kwa sababu hiyo msikilizaji wa Kiswahili huelekea kuamini kwamba pasipo karatasi hapana mkataba. Sheria haisemi hivyo. Katika Kenya mauzo ya ardhi na dhamana ya deni la mtu mwingine huhitaji maandishi, lakini makubaliano mengi ya kawaida ya biashara hufunga hata yakiwa ya kinywa tu. Mama auzaye maziwa Kedowa kwa makubaliano ya mwezi ana haki ya kudai, ingawa hakuandika chochote. Neno lenyewe humficha haki hiyo. Makubaliano au mapatano lingekuwa pana zaidi, na mkataba ungeweza kuachiwa yale yaliyoandikwa. Lakini matumizi yamekwisha kuchagua, na sasa kazi iliyobaki ni kufundisha.

Pili ni kile ambacho sheria ya Uingereza hukitaka kila upande uutoe kwa mwenzake ili ahadi ifunge. Ahadi tupu ya zawadi haifungi. Ahadi iliyonunuliwa kwa kitu chochote chenye thamani machoni pa sheria hufunga. Ukiliita jambo hili malipo, msikilizaji atafikiri ni fedha tu, ilhali hata kazi, bidhaa au ahadi nyingine yatosha. Ukiliita badala, utakuwa karibu zaidi na wazo la kubadilishana, lakini neno hilo katika matumizi ya kila siku lina maana ya kitu kishikacho nafasi ya kingine. Hapa hapana neno lililo tayari. Hapana budi kuchagua moja, kulipa maana maalumu, na kulirudia darasani na mahakamani mpaka lizoeleke, kama vile Kiingereza chenyewe kilivyochukua neno la kawaida lenye maana ya kutafakari na kulipa kazi hiyo.

Tatu ni neno hisa. Hili ni la zamani, na maana yake ni fungu au sehemu. Mwenye hisa katika mzigo ana sehemu ya mzigo wenyewe. Lakini mwenye hisa katika kampuni hana sehemu yoyote ya mali ya kampuni. Ana haki zake ndani ya kampuni, na mali ni ya kampuni, ambayo ni mtu mwingine. Hilo ndilo fundisho la Salomon. Historia ya Bonde la Ufa yaonyesha gharama ya kutolifahamu. Katika miaka ya 1960 na 1970 mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa na vyama vya ushirika na makampuni ya ununuzi wa ardhi. Watu walichanga fedha, wakapewa vyeti vya hisa, wakaamini kwamba wamenunua shamba. Kisheria shamba lilikuwa la kampuni. Pale wakurugenzi walipokuwa waaminifu, ardhi iligawanywa na hati zikatolewa. Pale walipokuwa si waaminifu, au walipolitia shamba rehani, mwenye cheti aligundua kwamba fungu lake halikuwa la udongo bali la karatasi. Familia zilingoja hati kwa miaka mingi, na nyingine zilirithishana madai badala ya ardhi.

Majani mabichi na bonasi

Sehemu ambapo swali hili lina uzito mkubwa leo ni biashara ya chai ya wakulima wadogo. Halmashauri ya Ustawishaji wa Chai ya Kenya iliundwa mwaka 1964, ikarithi kazi ya halmashauri iliyoanzishwa mwaka 1960. Mwaka 2000 ilibinafsishwa, ikawa kampuni. Viwanda navyo ni makampuni ambayo wenye hisa ni wakulima, na makampuni hayo ndiyo yenye hisa katika kampuni mama. Hivyo mkulima mmoja, kwa siku moja, aweza kuwa muuzaji wa majani, mwenye hisa wa kiwanda, na mtu anayewakilishwa na wakala kwa mkataba wa usimamizi. Hizo ni sura tatu za sheria ya biashara, na mwanafunzi wa chuo kikuu huhitaji miaka miwili au mitatu kuzipambanua.

Mkulima hupokea malipo ya mwezi kwa kila kilo, kisha mwisho wa mwaka wa fedha hupokea malipo ya pili. Malipo haya ya pili yanajulikana kotekote kwa jina la bonasi. Neno hili limeenea mpaka limekuwa jina la majira, na mipango ya ada za shule, harusi na ujenzi hufuata majira hayo. Lakini yafaa kuuliza bonasi ni nini. Katika lugha ya kawaida bonasi ni ziada, ni ukarimu wa tajiri kwa mtu aliyekwisha kulipwa haki yake. Malipo ya pili ya chai si hivyo. Ni salio la bei ya majani baada ya chai kuuzwa na gharama kutolewa. Malipo ya mwezi ni sehemu ya kwanza tu ya bei hiyo.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Mtu hawezi kudai zawadi, ila huweza kudai deni. Anayengojea bonasi hunung'unika ikiwa ndogo. Anayengojea salio la bei huuliza hesabu: chai iliuzwa kwa kiasi gani, gharama gani zimekatwa, na nani aliziidhinisha. Neno la kwanza humfanya mkulima kuwa mpokeaji, na la pili humrejesha katika cheo chake cha muuzaji. Hakuna sheria iliyobadilika kati ya maneno hayo mawili, lakini namna mkulima aingiavyo katika mkutano wa mwaka hubadilika.

Mjadala uliozuka wakati wa mageuzi ya chai yaliyotokana na Sheria ya Chai ya mwaka 2020 ulionyesha jambo hilohilo kwa upande wa hisa. Je, katika kuwachagua wakurugenzi wa kiwanda, kura ihesabiwe kwa kichwa au kwa wingi wa hisa? Msemaji wa hoja ya kwanza alifikiri juu ya ushirika, ambako kila mwanachama ni sawa na mwenzake. Msemaji wa hoja ya pili alifikiri juu ya kampuni, ambako nguvu hufuata mtaji. Wote walitumia maneno kiwanda chetu, lakini neno chetu lilikuwa na maana mbili. Mjadala kama huo wahitaji watu wanaoweza kueleza tofauti ya ushirika na kampuni kwa lugha ambayo wajumbe wote wanaifahamu.

Lugha ya sheria tangu uhuru

Mwaka 1974 Bunge la Kenya lilianza kujadili mambo kwa Kiswahili, ilhali miswada yenyewe iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Wabunge walitakiwa kuchambua kwa lugha moja maandishi yaliyotungwa kwa lugha nyingine, bila ya istilahi zilizokubaliwa. Mwaka 1979 Kiingereza kilirudishwa kando ya Kiswahili. Jaribio hilo mara nyingi hutajwa kuwa ushahidi wa udhaifu wa Kiswahili. Kwa hakika ni ushahidi wa udhaifu wa maandalizi.

Sheria ya Kenya juu ya mwenendo wa madai iliweka Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, na kuruhusu Kiingereza au Kiswahili katika mahakama za chini. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Lakini Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015, iliyochukua mahali pa ile ya zamani iliyofuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1948, ilitungwa kwa Kiingereza, nayo ni miongoni mwa sheria ndefu kupita zote nchini. Tanzania ilichukua hatua nyingine mwaka 2021, Bunge lilipopitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hatua hiyo imefungua kazi kubwa ya tafsiri, na imeleta swali ambalo vyuo vikuu haviwezi kulikwepa: kama hukumu itaandikwa kwa Kiswahili, kwa nini atakayeiandika asifundishwe kwa Kiswahili?

Kuna pingamizi moja linalostahili kujibiwa kwa heshima. Yasemwa kwamba biashara ya dunia hufanywa kwa Kiingereza, na kwamba chai ya Kericho huuzwa katika mnada wa Mombasa kwa wanunuzi wa Pakistan, Misri na Uingereza. Mwanasheria asiyekijua Kiingereza atakuwa kiwete. Hilo ni kweli, wala hakuna anayetaka Kiingereza kifukuzwe darasani. Lakini kabla ya chai kufika mnadani imekwisha kupita katika mikono ya mchumaji, mpimaji, karani wa kituo, dereva wa lori na mkurugenzi wa kiwanda, na mapatano yao hayakufanywa kwa Kiingereza. Mwanasheria anayeweza kuitetea chai Mombasa lakini hawezi kumweleza mwenye chai mkataba wake, naye ni kiwete wa mguu wa pili.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapo juu yatoa mafunzo matatu. La kwanza ni kwamba wazo la mapatano yafungayo halikuletwa na reli. Lilikuwako katika kimanagan ya Wakipsigis na katika mali kauli ya pwani, na ufundishaji wa sheria ya biashara hauna sababu ya kulianza London peke yake. La pili ni kwamba maneno ya sheria hubeba historia ya mahali yalipotumika. Mkataba wa pwani ulinukia soko, na mkataba wa nyanda za juu ulinukia kipande. Mtunga istilahi asiyelijua hilo atatoa neno sahihi katika kamusi ambalo watu watalisikia vingine. La tatu ni kwamba orodha ya istilahi peke yake haitoshi. Ile ya mwaka 1968 ilikuwa mwanzo mwema, lakini neno la sheria hukomaa kwa kufundishwa, kutumiwa katika hoja, kupingwa na wakili wa upande wa pili, na hatimaye kuamuliwa na hakimu.

Kwa hiyo yafaa idara za Kiswahili na vitivo vya sheria vianze kazi ya pamoja iliyo ndogo lakini ya kudumu: somo moja la sheria ya mkataba lifundishwe kwa Kiswahili sambamba na Kiingereza, likitumia hati za kweli za majani mabichi, za maziwa, za hisa na za mikopo, na wanafunzi watahiniwe katika uwezo wa kuieleza hati hiyo kwa mtu aliyeitia sahihi. Mtahini wa haki katika mtihani huo si mwalimu peke yake. Ni mkulima ambaye, baada ya kusikiliza, anaweza kurudia kwa maneno yake mwenyewe kile alichouza, anachodai, na siku anayopaswa kulipwa.